Nyama ya Pole

Ng'ombe wangu alikufa kwa kimeta, na kabla sijajua, nyama yake ilikuwa imeshaingia katika nyumba kumi na moja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Alhamisi. Jumapili, siku aliyokufa, hatukujua lolote. Mimi na mke wangu Njoki tulitoka kanisani tukamkuta Nyange amelala kando ya kihori, miguu imenyooka, tumbo limefura kama ngoma, damu nyeusi inamtoka puani. Asubuhi alikuwa amekula na kukamuliwa kama kawaida. Alikuwa na mimba. Njoki alipindua ndoo, akaikalia, akamtazama tu.

Hapa Ndabibi mtu akifiwa na ng'ombe haachwi peke yake. Majirani huja na mabeseni, kila mmoja akachukua nyama, na kila mmoja akaacha kitu: huyu debe la viazi, yule ahadi ya kuja kukulimia. Huchagui kipande. Ukipewa mfupa mtupu unashukuru. Na huulizi ng'ombe alikufa kwa nini. Ukiuliza, ni kama unamwambia mwenzako kwamba umekuja kumkagua. Tunaiita nyama ya pole. Mimi nimeila tangu utotoni, katika nyumba ambazo hata wenyewe nimewasahau, na sikuwahi kuuliza.

Aliyemchuna Nyange ni Sitati. Sitati ni fundi wa mawe, mtu wa Bungoma, aliyekuwa akiishi Kihoto, kando ya Ziwa Naivasha, mpaka ziwa likafurika, likamfuata chumbani na kumtoa. Sasa amepanga kwangu, yeye na mkewe Nekoye na watoto wao. Anajua kisu kama anavyojua mwiko wake wa kujengea. Mikono yake imejaa nyufa za simiti, kama ya fundi yeyote.

"Baba Kimberly," akaniambia, amepiga magoti kando ya ng'ombe, "hii damu haigandi. Inatembea kama oili ya gari."

"Ni joto."

"Joto la Ndabibi? Hapa tunalala na sweta."

"Chuna, Sitati."

Akachuna. Akapewa maini, maana hilo ni fungu la mchunaji. Kesho yake akaenda Kamere, upande wa pili wa ziwa, kumjengea mtu choo. Mimi nikatandaza ngozi juu ya ua ikauke. Nikadhani hasara yangu imeishia hapo.

Wakati huo kulikuwa na watu wa utafiti waliokuwa wakizunguka Ndabibi. Walitoka maabara moja ya Nakuru. Walichota udongo, wakatoa damu kwa ng'ombe, kwa mbwa, na kwa watu waliokubali. Walisema wanataka kujua ni vijidudu gani vinavyohama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mtu, na kwa nini watu wetu wakiwa na homa wanaambiwa tu ni taifodi. Tuliwacheka. Gachanja, mwenye duka na kinu cha kusagia, alisema ameona wezi wa mahindi na wezi wa kuku, lakini wezi wa udongo ndio wageni.

Aliyekuja kwangu Alhamisi aliitwa Jepkemei. Msichana mrefu, gamuboti miguuni, anaongea polepole. Alikuja kuchota udongo wake. Akasimama kwenye ua.

"Mzee, hii ngozi ni ya nani?"

"Ilikuwa ya ng'ombe. Sasa ni yangu."

Hakucheka. "Alichinjwa ama alikufa?"

Njoki aliyekuwa anaanua nguo naye akasimama. Tangu Jumapili watu wazima kumi na mmoja walikuwa wamepita katika kiboma changu na hakuna aliyeuliza hivyo.

"Alikufa," Njoki akajibu.

"Ghafla?"

"Asubuhi alikuwa mzima."

"Damu ilitoka puani?"

"Ilitoka."

Jepkemei akarudi nyuma hatua kadhaa, akavaa glavu, pea mbili moja juu ya nyingine. Akakata kipande cha sikio lililobaki kwenye ngozi, akakwangua damu iliyokauka chini ya kihori, akaenda nayo kwenye gari lao. Alikuwa na hadubini ndogo kwenye boneti. Akapaka, akatia rangi ya buluu, akasubiri, akachungulia. Akachungulia tena. Kisha akaniita.

Mimi shule niliacha darasa la sita nikaenda kuchunga. Sikuwahi kuchungulia chombo kama kile. Niliona vijiti. Vijiti vya buluu, vimeungana kichwa kwa mkia, kama mabehewa ya treni ya mizigo yakipita Naivasha.

"Hivi ni nini?"

"Kimeta, mzee. Nakuru watathibitisha, lakini mimi tayari nimeamini."

Kimeta nilikijua kwa jina. Chanjo yake ilikuwa imetangazwa hapa na nikaona foleni ni ndefu. Nilichokuwa sijui ni kwamba hakifi kwenye udongo. Jepkemei alisema kinaweza kulala humo miaka mingi kuliko umri wangu na wa baba yangu. Ukikifukua kinaamka. Akaniuliza kama nimechimba mahali karibuni.

Nilikuwa nimechimba. Chini ya shamba nilikuwa nimechimba shimo la sileji, la kufukia mahindi mabichi ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Nilichagua pale kwa sababu udongo ulikuwa laini, jembe linaingia bila kubishana. Nilikuta mifupa na pembe, nikazitupa kando. Nilijua zamani hapa palikuwa na shamba la mzungu la ng'ombe, nikaona pembe si ajabu. Nyange akawa anaenda pale kulamba ule udongo mpya, nami nikafurahi, nikasema anapata chumvi.

Nilimweleza Jepkemei hivyo hivyo. Hakunigombeza. Alitazama shimo, akatazama ngozi, akauliza, "Nyama iko wapi?"

Njoki akaanza kuhesabu majirani kwa vidole. Vidole vikaisha akaanza upya.

Mchana huo daktari wa mifugo alifika, na mtu wa afya ya umma akaja na sanduku la vidonge. Tukaenda nyumba kwa nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa mbele, kwa sababu ng'ombe alikuwa wangu. Wengine walikuwa wamekwisha kula wakamaliza. Hao walipewa dawa, wakaambiwa wakiona kipele, homa au tumbo kuuma wasikae nyumbani. Wengine walikuwa wamekaanga na kuhifadhi kwenye mafuta. Wakatoa sufuria bila maneno mengi, lakini macho yao niliyaona. Kuomba nyama ya pole irudi ni jambo ambalo sijawahi kusikia likifanywa na mtu.

Gachanja alikataa. Alikuwa ameweka fungu lake kwenye friza ya duka, chini ya maziwa ya pakiti.

"Kamande, nyama ikitolewa imetolewa."

"Ina ugonjwa."

"Jumapili haikuwa na ugonjwa. Leo umepata mnunuzi wa bucha Naivasha, ndiyo imekuwa na ugonjwa."

"Gachanja, nani atanunua ng'ombe wa Jumapili siku ya Alhamisi?"

"Watu wa Naivasha wanakula chochote."

Jepkemei akamwambia kwamba baridi haiui kile kidudu, inakitunza tu. Gachanja akamwangalia kama anayepima mahindi yenye unyevu.

"Wewe ndiye wa udongo?"

"Ndiyo mimi."

"Na sasa umehamia nyama."

Nikachoka. "Sikiza," nikamwambia. "Kula basi. Lakini ukifa sitabeba jeneza lako, maana nimekuonya mbele ya watu, na una kilo nyingi."

Wateja waliokuwa dukani wakacheka. Gachanja akafungua friza. Alitoa fungu lake, na chini yake akatoa fungu lingine ambalo sikukumbuka kumpa. Njoki alilitazama.

"Baba Mbugua, hilo la pili ni la nani?"

"Ni la mama mkwe," akasema. "Nilichukua kwa niaba yake."

Mama mkwe wake anaishi Gilgil na hali nyama ng'o. Tukaitia ndani ya gunia na kuondoka.

Jioni tulikuwa tumepita nyumba zote, na hatukumpata mgonjwa hata mmoja. Mtu wa afya alisema wengi hapa hutokosa nyama mpaka mfupa unaachana nayo, na labda hilo limetusaidia, ila tusiwe na uhakika. Nilianza kupumua. Kisha Jepkemei akauliza, "Aliyechuna ni nani?"

"Sitati."

"Mikono yake ikoje?"

Nikaiona ile mikono. Nyufa zote zile.

"Huyo ndiye tunayemtafuta kuliko wote," akasema. "Waliokula nyama iliyoiva wana bahati. Yeye aliingiza mikono ndani. Mwambie aangalie kama ana kidonda. Kitaanza kama kuumwa na mdudu, kiwe na lengelenge, kisha katikati kiwe cheusi. Na hakiumi, mzee. Kikimuuma nitafurahi. Kisipouma, mlete mbio."

Simu ya Sitati ilikuwa imezimwa. Kule Kamere haichaji mpaka amalize kazi, ndivyo alivyo. Nikaenda kwa Nekoye nikamkuta anaosha sufuria nje. Nikamuuliza kuhusu maini.

"Maini gani?"

"Aliyopewa Sitati."

Akaendelea kuosha. Alipoona siondoki akasema, "Baba Kimberly, usikasirike. Niliyatupa chooni. Yalikuwa meusi na laini, yanapasuka mkononi kama uji. Nilimwambia Sitati tumekula yakaisha."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikuambie nini? Umefiwa na ng'ombe, halafu mpangaji wako aje aseme maini yako ni mabaya?"

Watoto wake walikuwa wakikimbizana nyuma ya nyumba, wazima kabisa, wakipiga kelele kwa Kiswahili na Kibukusu. Mtu wa afya alimpa Nekoye dawa pia, kwa sababu aliyashika. Alimeza palepale, akaniuliza, "Na Sitati?"

"Namwendea kesho asubuhi."

"Mwendee leo."

Giza lilikuwa linaingia na taa ya pikipiki yangu imekufa. Nikamwambia kesho kukipambazuka. Akaingia ndani.

Alfajiri nilikuwa barabarani. Ukizunguka ziwa kutoka Ndabibi unapita mbuni na pundamilia, kisha vitalu vya maua, nailoni nyeupe bila mwisho, kisha Kamere na watu wake wanaokimbilia zamu. Nilimuuliza mama muuza chapati wapi kunajengwa choo. Akanionyesha kwa mdomo.

Sitati alikuwa ameinama kwenye karai la simiti. Aliponiona akanyooka.

"Landilodi! Umekuja mpaka Kamere kudai maini?"

"Onyesha mikono."

"Salamu kwanza."

"Sitati, onyesha mikono."

Wa kulia ulikuwa sawa. Wa kushoto alikuwa ameufunga kitambaa. Nilimwambia afungue. Kwenye kidole cha shahada, juu ya fundo, palikuwa na doa jeusi kama kaa la moto lililozimika, limezungukwa na malengelenge madogo. Mkono wote ulikuwa umefura mpaka kiwiko. Shati lilikuwa limembana.

"Ni simiti," akasema. "Simiti mbaya ya siku hizi. Imeniunguza."

"Inauma?"

"Hata haiumi. Ndiyo maana niko kazini."

Nikakaa juu ya mawe yake.

"Wewe vipi?" akaniuliza. "Mimi ndiye mgonjwa na wewe ndiye unakaa."

Nilimwambia yote njiani, yeye nyuma yangu kwenye pikipiki, mkono mmoja umenishika kiuno na mwingine ameuinua kama mtu anayeapa. Tukafika lami ya Naivasha. Kisha akasema sikioni mwangu, "Nekoye na watoto walikula maini."

"Hawakula. Alitupa chooni."

"Aliniambia walikula yakaisha."

"Alikudanganya."

Akavuta pumzi ndefu mgongoni kwangu. "Mwanamke mzuri sana yule," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Lakini maini yangu."

Hospitalini walimlaza na kumtundikia dawa. Daktari alichukua kalamu, akachora mstari kuzunguka mkono pale uvimbe ulipoishia, juu kidogo ya kiwiko. Alisema anataka kuona kama uvimbe utavuka. Ukipanda mpaka shingoni, mambo yatakuwa mengine.

"Daktari umenipigia uzi," Sitati akamwambia. "Hata mimi sianzi ukuta bila uzi."

Jepkemei alifika mchana kutoka Nakuru. Maabara ilikuwa imethibitisha kimeta. Akachukua maji ya kile kidonda kwa kijiti cha pamba. Kulikuwa na jambo lingine walilotaka kulijua. Alisema siku hizi kuna vidudu vingi vilivyozoea dawa, kwa binadamu na kwa mifugo, kwa sababu sisi wafugaji tunajipigia sindano za ng'ombe wenyewe, leo nusu chupa, kesho robo. Dawa aliyotundikiwa Sitati ilikuwa penisilini, ileile ya zamani. Walikuwa wamepanda kile kidudu cha Nyange maabara pamoja na dawa hiyo, waone nani atamshinda mwenzake.

"Na kikishinda kidudu?"

"Tutabadilisha. Lakini tungekuwa tumepoteza muda, na yeye hana muda mwingi."

Nilifikiria chupa za sindano zilizo kwenye dirisha la boma langu, zote zimefunguliwa, hakuna iliyoisha.

Uvimbe ulivuka mstari. Ijumaa jioni daktari alichora mwingine, karibu na kwapa. Jumamosi asubuhi ulikuwa umefika huo wa pili na homa imepanda. Nekoye alikuja kwa matatu ya kwanza, akakaa upande wa mkono mzima, akamshika. Sitati hakufanya mzaha siku hiyo. Aliuliza mara moja tu kama yule mtu wa Kamere amefunika simiti. Mimi nilisimama kwenye korido. Niliwaza jinsi alivyosema damu haigandi, na jinsi nilivyomwambia chuna.

Saa nane mchana simu ilinilia. Ni Jepkemei.

"Mzee, kimekufa."

"Nani amekufa?"

"Kidudu. Penisilini imekiua chote. Sahani tuliyokipandia iko nyeupe kabisa, haina kitu. Mwambie daktari aendelee na dawa ileile, nimemtumia majibu."

Nilimwambia asiseme tena neno hilo kwenye simu bila kutaja jina kwanza. Akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka. Nikarudi wodini nikamwambia Nekoye. Alilaza paji la uso juu ya ukingo wa kitanda.

Jioni ile uvimbe ulibaki palepale kwenye mstari wa pili. Jumapili asubuhi tulipoingia, ngozi ya bega ilikuwa imelegea na kukunjamana, na kati ya mstari na uvimbe palikuwa na nafasi ya kupitisha vidole viwili. Sitati alikuwa ameketi anakunywa uji.

"Landilodi," akasema, "hebu angalia. Ukuta unarudi nyuma."

Nikaangalia. Nikatoka nje nikasimama kwenye jua, nikala chapati mbili za mama mmoja aliyekuwa akiuza kwenye lango la hospitali, nikaona nina njaa ya tangu Alhamisi.

Nyama yote, ngozi, mifupa, na udongo uliolowa damu vilichomwa ndani ya lile shimo la sileji, vikamwagiwa chokaa na kufukiwa. Daktari wa mifugo aliweka uzio wa waya na kusema pasichimbwe tena, si na mimi wala na watakaokuja baada yangu. Ng'ombe wote wa Ndabibi walichanjwa. Foleni ilikuwa ndefu. Gachanja ndiye aliyekuwa wa kwanza, na alikuwa akiwaambia watu jinsi alivyoitoa nyama yake mwenyewe bila kusukumwa.

Mwezi uliofuata, ng'ombe wa jirani mmoja alivunjika mguu kwenye mtaro akachinjwa. Tulienda na mabeseni. Watu wakasimama, wanatazamana. Kisha Nekoye akauliza kwa sauti, "Alichinjwa ama alikufa?" Mwenyewe akatuonyesha mguu na shingo, na hakukasirika. Ndipo tukachukua.

Sasa nihesabu hasara. Ng'ombe mmoja, Nyange, na ndama tumboni mwake. Ngozi moja. Shimo la sileji, na mahindi ambayo yangeingia humo. Maziwa ya ng'ombe wawili waliobaki, yaliyomwagwa muda wote tulipokuwa karantini. Kona ya shamba ambayo haitalimwa tena. Mabeseni matano na sufuria mbili za majirani, zilizochomwa pamoja na kilichokuwa ndani. Choo kimoja cha Kamere, ambacho fundi mwingine alikimalizia. Kidole kimoja cha Sitati, cha shahada, mkono wa kushoto: kipo, lakini hakikunji tena, na sasa jiwe analishika kwa vidole vinne.

Mtu, hakuna.